Umebadilisha breki mwenyewe na sasa zinalia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wa Tanga siku hizi hununua pedi za breki dukani na kuzifunga wenyewe uani, na sisi tunaliunga mkono jambo hilo. Mtu anayejua breki zake zikoje huendesha kwa makini zaidi. Maswali yaliyo hapa ndiyo tunayoulizwa gerejini, Ngamiani, na mengi huanza kwa lalamiko moja: "Nimeweka mpya, mbona zinapiga kelele kuliko zile za zamani?" Tunachomwambia kila mtu kwanza ni hiki: usikimbilie kununua seti nyingine. Mara nyingi pedi haina kosa lolote. Kosa liko kwenye kutu ambayo haikusuguliwa, klipu iliyobaki sakafuni au pini iliyorudishwa kavu.

Breki mpya kulia siku za mwanzo ni kawaida?

Kulia kidogo, ndiyo. Uso wa pedi mpya na uso wa diski bado haujakaa pamoja, na hasa ukiweka pedi mpya juu ya diski ya zamani, zinagusana kwa sehemu chache tu. Kinachotakiwa ni kuzizoesha. Tafuta barabara iliyonyooka asubuhi mapema, kabla ya bodaboda na watoto wa shule. Fika kilomita 50 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani hadi ubaki na kilomita 10 hivi, achia, ongeza mwendo tena. Rudia mara 8 hadi 10. Usisimame kabisa huku umekanyaga wakati breki zina moto, maana pedi huacha utando mahali pamoja kwenye diski na baadaye usukani utatetemeka. Ukimaliza, endesha taratibu dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe.

Kama kelele haijapungua baada ya hapo na baada ya siku chache za mizunguko ya kawaida, si ugeni tena. Fungua uangalie.

Ni kelele zipi za kusimamisha gari papo hapo?

Kukwaruza kwa chuma juu ya chuma unapokanyaga. Kelele yoyote inayoambatana na pedali kuzama, gari kuvuta upande mmoja, harufu ya kuungua au moshi kwenye rimu. Kugonga kunakozidi kadiri unavyokwenda, kwa sababu huenda bolti ya kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) au nati za tairi zimelegea. Hapo usiseme utafika kwanza Chumbageni ndipo uangalie. Weka gari pembeni.

Nitajuaje kelele inatoka wapi?

Zima redio, fungua vioo, na upite polepole kando ya ukuta mrefu. Ukuta unarudisha sauti na utasikia vizuri kama ni mbele au nyuma, kulia au kushoto. Pita upande mmoja, kisha geuza upite upande wa pili.

Huku unasikiliza, jiulize: inalia nikikanyaga tu, au muda wote? Inafuata mwendo wa tairi, yaani gari likienda haraka nayo inakwenda haraka? Inabadilika nikikata kona? Inatoka pia nikirudi nyuma? Mluzi mwembamba unaotoka ukikanyaga tu ni mtetemo wa pedi. Mkwaruzo wa muda wote ni kitu kinachogusa diski pasipo kutakiwa. "Ko" moja wakati wa kuanza kukanyaga ni kitu chenye nafasi ya kucheza. Mngurumo unaobadilika ukiinamisha gari kwenye kona huenda hauhusiani na breki hata kidogo, bali ni beringi ya habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, na watu wengi wamebadilisha pedi mara mbili kwa ajili ya beringi.

Kwa nini hasa pedi inapiga mluzi?

Pedi inaposhika diski haiteleziki kwa ulaini kamili. Inashika na kuachia, inashika na kuachia, mara maelfu kwa sekunde moja. Mpiga zumari akipuliza, ule mwanzi mdogo ndio unaotetemeka na ala nzima ndiyo inayokuza sauti. Hapa pedi ndiyo mwanzi, na diski pamoja na kalipa ndiyo ala. Mtetemo hauwezi kuondolewa wote. Kazi ya fundi ni kuuzuia usipande na kusambaa. Ndiyo maana kiwandani wanaweka vibati vyembamba mgongoni mwa pedi, tunavyoviita shimu, na klipu za chuma chembamba mahali ambapo masikio ya pedi yanakaa. Ukiviona ni takataka ukavitupa pamoja na pedi za zamani, umetupa dawa ya kelele.

Kama pedi mpya zimekuja bila shimu, na za zamani zilikuwa nazo zikiwa nzima, zisafishe uzirudishe, mradi zinakaa sawasawa. Lakini kama pedi mpya ina shimu yake iliyogandishwa kiwandani, usiongeze nyingine juu yake. Unene ukizidi, pedi inabanwa na haiachii diski.

Nipake grisi wapi, na grisi gani?

Hili ndilo swali tunalopenda kuulizwa kabla ya kazi. Zipo sehemu 3 tu. Ya kwanza ni masikio ya pedi, pale yanapoteleza ndani ya klipu: paka ute mwembamba. Ya pili ni mgongo wa pedi, pale pistoni (chuma cha mviringo ndani ya kalipa kinachoisukuma pedi) na vidole vya kalipa vinapogusa, au kati ya shimu na bati la pedi. Ya tatu ni pini za kalipa.

Grisi iwe ya breki, inayostahimili moto. Kwenye pini tumia ya silikoni au iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa raba za breki. Grisi ya kawaida ya beringi, ile ya kopo, ina mafuta ya petroli. Mafuta hayo huvimbisha raba, na raba ikivimba pini inakwama. Utakuwa umepaka grisi ili pini iteleze, na baada ya miezi michache ndiyo grisi hiyo iliyoishika.

Uso wa pedi na uso wa diski havitakiwi kuguswa na tone la mafuta. Pedi ikilowa mafuta, hata ukiiosha, hunywa ndani. Ibadilishe, na ubadilishe na mwenzake wa gurudumu la pili.

Pini za kalipa nilizirudisha kama nilivyozikuta. Kuna ubaya?

Upo, na kwa mji wetu ni mkubwa. Tanga tunaishi na chumvi. Upepo wa kusi unaileta hewani, na gari linalolala Raskazone au Sahare linakula kutu mahali ambapo gari la Korogwe halili. Chomoa pini moja ya gari lililokaa miaka kadhaa ufukweni uiangalie kwenye mwanga: juu, karibu na kichwa, inang'aa, katikati kuna mkanda wa hudhurungi mkavu, grisi imegeuka kuwa kitu kama ukoko wa ubwabwa, na nchani kuna vidoti vya kutu ambavyo ukipitisha ukucha unavihisi. Pini hiyo haitelezi. Kalipa inabana upande mmoja, pedi ya ndani inaisha huku ya nje bado nene, na pedi inayoburura muda wote hupata moto na kupiga kelele.

Ifute hadi chuma kionekane, isugue kwa msasa laini sana, safisha na tundu lake kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki, paka grisi, irudishe. Isukume kwa kidole: iingie na kutoka bila ubishi, na raba ikae kwenye mfereji wake pande zote mbili. Pini yenye mashimo ya kutu nunua nyingine, bei yake ni ndogo. Angalia pia kwamba hukubadilishana ya juu na ya chini. Kwenye magari mengi moja ina raba ndogo nchani au umbo tofauti, na kila moja ina mahali pake.

Nikiwa sijakanyaga breki nasikia mkwaruzo wa chuma muda wote. Ni nini?

Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kukinga vumbi na matope. Ulipokuwa unavuta diski iliyoganda, au ulipoegemeza kalipa, huenda bati hilo lilipinda milimita chache tu. Linatosha kugusa diski. Livute kwa vidole lirudi, zungusha diski kwa mkono, sikiliza.

La pili ni kijiwe. Wanaotumia barabara za changarawe, upande wa Pangani au kupanda Amani kutoka Muheza, wanalijua hili hata bila kubadilisha pedi: kokoto ndogo inaruka na kukaa kati ya bati na diski, kelele yake inatisha kana kwamba gari linavunjika. Wakati mwingine kurudi nyuma mita chache kunaitoa. Ikikataa, toa tairi.

La tatu ni pistoni ambayo haikurudi vizuri au pedi iliyobanwa kwenye klipu. Inua gurudumu, weka stendi, zungusha kwa mkono. Mguso mwepesi wa pedi mpya ni sawa. Lakini kama gurudumu linakwama, kuna kitu kimebana. Kwa kalipa za nyuma zenye handibreki ndani yake, kumbuka pistoni yake kwa kawaida hairudi kwa kusukumwa. Inarudi kwa kuzungushwa huku ukiisukuma. Ukiilazimisha kwa klampu unaiharibu.

Inapiga "ko" nikikanyaga mara ya kwanza, hasa nikitoka kurudi nyuma.

Pedi inahama ndani ya kiti chake. Pengine klipu hazipo, au zimelegea, au pedi si saizi yake kamili. Pedi za Toyota IST na za Vitz ukiziweka mezani zinafanana sana, na muuzaji akiwa na haraka anaweza kukupa zinazokaribiana. Ziweke za zamani na mpya mgongo kwa mgongo kabla ya kufunga: urefu, masikio, mahali pa kibati cha onyo, tutakachokieleza hapa chini. Baada ya hapo kagua bolti za kalipa na za mabano yake, yaani chuma kinachoishikilia. Zile za mabano ndizo zinazobeba nguvu yote ya breki, na ndizo zinazosahaulika kukazwa.

Kuna kibati kidogo kimejikunja kwenye pedi moja. Nikitoe?

Usikitoe. Hicho ni kibati cha onyo. Pedi ikibaki milimita 2 au 3 hivi kinaanza kugusa diski na kupiga mluzi mkali ili ujue imeisha. Kama breki zako mpya zinapiga mluzi huo tangu dakika ya kwanza, angalia kama kibati kimepinda, au kama pedi imefungwa upande usio wake. Kabla ya kutoa za zamani piga picha kwa simu, kila gurudumu picha yake, uone kibati kilikuwa ndani au nje, juu au chini.

Diski za zamani ni lazima nizibadilishe?

Si lazima. Ina mistari midogo? Si neno. Tatizo ni mdomo, ule ukingo uliobaki juu kabisa ya diski ambako pedi ya zamani haikufika. Pedi mpya ikiwa na upana wa kuufikia, inaupanda na kukwaruza.

Kila diski imechapwa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa kawaida pembeni au kwenye kofia yake, mara nyingi kwa herufi MIN TH na namba ya milimita. Ukipima kwa vernia ya kawaida, mdomo utakudanganya, maana taya za kipimo zinakaa juu yake. Weka sarafu mbili za aina moja, moja kila upande, ndani ya mdomo, pima juu ya sarafu, kisha toa unene wa sarafu hizo. Diski iliyofika namba yake, au iliyo chini, haichongwi wala hairudishwi. Inatupwa. Na ikiwa bado nene lakini ina mdomo na mawimbi, mchongaji anaweza kuisawazisha, mradi baada ya kuchongwa ibaki juu ya namba hiyo.

Diski mpya nayo ina mafuta ya kuzuia kutu kutoka kiwandani. Ioshe kwa dawa ya kusafishia breki, au kwa maji moto na sabuni kisha uikaushe vizuri. Asiyeiosha anayahamishia mafuta hayo kwenye pedi mpya.

Usukani unatetemeka nikifunga breki, na kabla ya kubadilisha haukuwa hivyo.

Toa diski uangalie uso wa habu. Punje ya kutu chini ya diski inaiinamisha, na magari madogo mengi hayakubali diski kuyumba zaidi ya sehemu ndogo ya milimita moja, takriban 0.05 hadi 0.1. Sugua habu kwa brashi ya waya hadi iwe tambarare. Kisha kaza nati za tairi kwa mtindo wa nyota, si kwa kuzunguka duara, na usizikaze zote kwa bomba refu hadi mwisho. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Mwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza aitumie, na asiye nayo aiazime, si kifaa cha kukisia.

Jirani kaniambia nikate mfereji kwenye pedi kwa msumeno, au nimwagie dizeli, zitanyamaza.

Dizeli, mafuta ya injini, grisi au WD-40 kwenye uso wa breki, hapana, hata mara moja. Kelele itanyamaza kwa sababu breki imeacha kushika, na mtoto akikatiza barabara hapo Makorora hutakuwa na cha kukusaidia.

Kupiga msasa uso wa pedi iliyong'aa kama kioo kunaweza kusaidia kwa muda, kama mng'ao ni wa juujuu na umetokana na moto kidogo. Kuchonga kingo za mwanzo na mwisho wa pedi kwa mshazari ni jambo ambalo hata viwanda vinalifanya. Lakini kama sababu ni pini iliyokwama, kelele itarudi, na safari hii pedi itakuwa nyembamba zaidi. Mfereji wa msumeno usiukate: hujui umefika wapi ndani ya pedi, na unaweza kuianzishia ufa.

Pedi za bei rahisi ndizo zinazolia?

Zinachangia. Pedi zenye chuma kingi hushika vizuri zikiwa na moto lakini hulia zaidi na kula diski. Za kauri ni tulivu na vumbi lake ni dogo, bei yake juu. Kwa gari la mjini, pedi ya wastani ya kampuni inayojulikana, ikifungwa vizuri, inatosha. Iogope pedi isiyo na maandishi yoyote mgongoni na ambayo kingo zake zinamong'onyoka kwa kucha.

Gari langu nyuma ni drumu. Breki shuu mpya zinakwaruza.

Ndani ya drumu kuna bamba la nyuma lenye vituta 6 hivi ambavyo shuu, yaani vipande vinavyobana drumu kwa ndani, zinapanda na kuteleza juu yake. Vikiwa vikavu vinalia. Vipake grisi ya breki kidogo sana, kwa ncha ya kidole. Angalia springi zimerudi mahali pake na kirekebishi, kile kinachosogeza shuu karibu na drumu, hakikubadilishwa cha kulia na kushoto. Ukikifungua sana, shuu zitabana drumu muda wote. Drumu itapata moto, handibreki itashika mapema mno. Zungusha hadi drumu iingie kwa mkono na mguso mwepesi usikike.

Tafadhali usipulize vumbi la drumu kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Shuu za zamani nyingine zina asbesto, na vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Tunalisema hili kila siku kwa vijana wanaojifunza kazi na tutaendelea kulisema.

Kelele imeisha ila pedali imekuwa laini.

Kama ulirudisha pistoni na hukukanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuwasha gari, pedali ya kwanza lazima izame hadi chini. Kanyaga polepole hadi iwe ngumu, gari likiwa limesimama, kisha angalia kiwango cha mafuta ya breki. Ikibaki laini, kuna upepo kwenye mfumo, au kalipa ilining'inizwa kwa mpira wake ukaumia ndani. Toa upepo, na ukiongeza mafuta fuata daraja la mafuta lililoandikwa kwenye kifuniko: DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hapa pwani unyevu haukosekani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa muda mrefu usiitumie. Pedali laini haiendeshwi.

Asubuhi baada ya mvua breki zinakwaruza kisha zinanyamaza.

Kutu ya usiku mmoja juu ya diski. Ukikanyaga mara mbili tatu inafutika. Masika yote itakuwa hivyo.

Naweza kupanda Lushoto hivi hivi, nikashughulikia kelele nikirudi?

Kupanda si shida, shida ni kushuka. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kona juu ya kona, na pedi inayoburura kwa sababu ya pini iliyokwama huanza safari hiyo tayari ina moto. Mafuta ya breki yaliyonyonya maji huchemka mapema: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yenye maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabanika, pedali inashuka bila gari kushika. Kama chanzo cha kelele hujakijua, usiende. Ukishakirekebisha, shuka kwa gia ndogo, na kila ukifika tambarare achia breki zipumue.

Nimeshindwa, nampelekea fundi. Nimweleze nini?

Mwambie ulichobadilisha na ulichokiacha cha zamani, hata kama ni klipu moja. Mwambie kelele inatoka lini: ukikanyaga au muda wote, ukiwa na moto au baridi, mbele au nyuma. Mpe picha ulizopiga na pedi za zamani kama bado unazo, maana namna zilivyoisha zinaeleza mengi: zikiisha mshazari, kalipa imekwama, ya ndani ikiwa nyembamba kuliko ya nje, ni pini au pistoni. Kisha kaa uangalie akifungua, na mwombe azisogeze pini mbele yako kabla hajagusa kitu kingine.